Tecla Ataka Kuonyeshwa Kitanda

Habari za shule zilifika nyumbani kwa Mathew Jumamosi asubuhi, kila mtu akiwa na kazi mkononi. Mathew mwenyewe alikuwa chini ya lori la majani ya chai akikaza nati, maana mvua ya mwisho wa mwaka ilikuwa imenyesha vizuri na kiwanda kilimtaka barabarani kila siku, bila mapumziko. Mkewe, Janeffer, alikuwa kwenye kibanda chake cha kushona pale soko la Chepilat, sare za wanafunzi zimerundikana mpaka zikaficha cherehani. Aliyebaki shambani ni mama yake Mathew, Tecla, kikapu mgongoni, akichuma mstari wa juu karibu na barabara.

Nelvine, binti mkubwa wa nyumba hiyo, alikuja akikimbia katikati ya miti ya chai na simu ya mama yake mkononi.

"Kogo, nimeitwa Kapsulumbet Girls," alimwambia nyanya yake. "Gredi ya kumi. Ni boarding."

Tecla hakuacha kuchuma. "Kapsulumbet iko wapi?"

"Upande wa Kedowa."

"Nani ameiona?"

Nelvine alifikiri kidogo. "Hakuna mtu ameiona, kogo. Lakini iko kwa simu."

"Mimi pia naweza kuwa kwa simu," Tecla alisema, akatupa majani kikapuni.

Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa na miaka sitini na minane, na thelathini na mmoja kati ya hiyo aliimaliza akichuma chai kwenye mashamba makubwa ya Kericho kabla ya kurudi kukaa na mwanawe. Mtu akija kumpandisha ng'ombe mbegu, Tecla aliomba kwanza asomewe jina la fahali. Mhubiri mgeni akialikwa kanisani, Tecla aliuliza amehubiri wapi tena na kwa nini aliondoka huko. Majirani walikuwa wamezoea. Wengine walisema ni uzee, ila waliomfahamu tangu zamani walijua kwamba hata akiwa kijana hakuwahi kuingia mlango kabla ya kuchungulia.

Jioni hiyo barua ya shule ilichapishwa sokoni, kurasa tatu, ikawekwa juu ya meza. Wote waliizunguka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa nyumba hiyo kupeleka mtoto bwenini, na hata hiyo gredi ya kumi yenyewe ilikuwa mpya kwa kila mtu. Mathew na Janeffer walisoma zamani za kidato cha kwanza. Nelvine alikuwa ameijaza Kapsulumbet mwisho kabisa kwenye orodha yake, kwa sababu ilikuwa na fizikia na biolojia alizozitaka, na nafasi moja ya kujaza ilikuwa imebaki wazi.

Barua ilitaka godoro, sanduku la chuma, ndoo, na blanketi la kijivu. Ilisema kuna mabweni ya kisasa katika mazingira tulivu. Chini kulikuwa na sahihi ya mwalimu mkuu, Bi. Chepyegon, na muhuri uliochapika vibaya, mduara mweusi usiosomeka.

"Huu muhuri unasema nini?" Tecla aliuliza.

"Ni wa shule, mama," Janeffer alijibu. Alikuwa akipinda sketi ya mtoto wa mtu huku akizungumza.

"Nimeuliza unasema nini."

Hakuna aliyeweza kuusoma. Tecla akamwambia Nelvine aangalie ile namba ya simu iliyoandikwa chini. Nelvine alifanya kama anatuma shilingi kumi ili jina la mwenye namba litokee. Halikuwa Chepyegon. Lilikuwa Nyaberi Mochama.

"Mwalimu mkuu ni mmoja, simu ni ya mwingine," Tecla alisema. "Haya."

Mathew alichoka. Alikuwa ameamka saa tisa alfajiri. "Mama, mtoto amepangiwa shule. Hawawezi kumpangia mahali ambapo hakuna shule."

"Wanaweza," Tecla alisema.

Shida iliyobaki ilikuwa ni nani atampeleka. Siku ya kufungua ilikuwa Jumatatu, siku tisa mbele. Mathew hangepata ruhusa kiwandani. Janeffer alikuwa amewaahidi wazazi arobaini kwamba sare zao zitakuwa tayari Jumatatu hiyo hiyo. Ndipo alipojitokeza Ondieki.

Ondieki alikuwa na kibanda cha ndizi kando ya kile cha Janeffer. Alitoka upande wa Nyamira, ng'ambo ya mpaka, na mara mbili kwa wiki alipeleka ndizi Kedowa kwa pikapu yake na kurudi na viazi. Aliposikia jina la shule alimwambia Janeffer, "Jumatatu mimi nitakuwa napita huko. Msichana anaweza kwenda na mimi. Nitamfikisha mpaka getini."

Janeffer alishukuru sana. Alipofika nyumbani akamweleza mama mkwe, akidhani analeta habari njema.

"Yeye ndiye amejitolea, ama ni wewe umemwomba?" Tecla aliuliza.

"Yeye mwenyewe."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni jirani, mama."

"Jirani amekuuzia ndizi miaka minne. Hajawahi kukuongeza hata moja. Sasa anataka kubeba msichana wako mpaka Kedowa bure."

Janeffer aliinama kwenye kitambaa chake. Lakini Tecla aliona kwamba sindano ilikuwa imesimama.

Siku tatu zilizofuata Tecla aliunganisha mambo kichwani. Ondieki, halafu Mochama. Majina yote mawili ni ya ng'ambo, ya Kikisii. Hakuwa na chuki na watu wa huko. Kwenye nyumba za wafanyakazi kule shambani aliishi ukuta kwa ukuta na mama mmoja Mkisii aliyeitwa Nyabate, wakalea watoto pamoja, na lugha yao aliisikia kiasi cha kumtosha. Lakini shaka ikishaingia hushika chochote kilicho karibu. Alijiuliza kama Ondieki ndiye aliyempa huyo Mochama namba ya Janeffer. Alijiuliza kama kuna shule kweli. Alimtazama Nelvine akipanga soksi zake kitandani, akizihesabu na kuzipanga upya.

Jumatano alimwambia mwanawe, "Kesho naenda kuona."

"Kuona nini?"

"Mahali mtoto atalala."

Mathew alitaka kubisha, kisha akaona uso wa mama yake, akaenda kulala.

Alhamisi, jua halijatoka vizuri, Ondieki alimkuta Tecla amesimama kando ya pikapu yake sokoni, amevaa koti la kanisani, mwavuli mkononi. Janeffer alikuwa pembeni. Tecla alikuwa amemwagiza aandike namba ya gari hilo kwenye daftari la vipimo, na alihakikisha Ondieki anaona ikiandikwa.

"Lakini ni Jumatatu, mama," Ondieki alisema.

"Jumatatu ni ya kupeleka. Leo ni ya kuangalia. Unaenda Kedowa leo ama huendi?"

"Naenda."

"Basi fungua mlango."

Ondieki hakufungua mara moja. Alizunguka, akatoa kitu kwenye kiti cha mbele, akakihamishia nyuma kwenye ndizi na kukifunika gunia. Alikuwa mwepesi, lakini Tecla aliona. Lilikuwa sanduku la chuma, jipya, la buluu, la mtoto wa shule.

"Hilo ni la nani?" alimuuliza walipoanza kwenda.

"La mtoto."

Tecla aliwafahamu watoto wa Ondieki. Ni wavulana watatu, na mkubwa alikuwa darasa la tano. Aliushika mwavuli wake kwa mikono miwili, akatazama mbele.

Wakafika Litein. Huko simu ya Ondieki ililia, akaiweka sikioni na kuongea kwa Kikisii, haraka haraka, sauti chini. Hakujua kwamba abiria wake anasikia. Tecla alishika maneno machache tu, lakini yalimtosha: *abaiseke babere*. Wasichana wawili. Halafu Jumatatu. Halafu jambo fulani kuhusu mahali pa kulala.

Aliwaza kumwambia asimamishe gari. Lakini angeshuka angejua nini zaidi ya alichokijua jana? Aliamua kukaa. Kama kuna mahali hapo, atapaona kwa macho yake, na kama kuna mtu anayengoja, atamwona uso.

Walipokaribia Kericho mashamba ya chai yalijipanga pande zote mbili za barabara. Kwenye kona moja njia ya udongo mwekundu ilikata kuingia ndani ya shamba. Tecla aligeuza uso upande wa pili.

"Umewahi kufanya kazi huku, mama?" Ondieki aliuliza.

"Miaka thelathini na mmoja."

"Ulianza ukiwa na miaka mingapi?"

"Kumi na mitatu."

Ondieki alimtazama kidogo, akarudisha macho barabarani.

Kedowa kulikuwa na baridi na ukungu, na magunia ya viazi yamesimama kando ya lami. Ondieki alishusha ndizi kwa wateja wake, kisha akakata kushoto, njia ya mawe, kama dakika kumi. Kibao kilikuwepo getini: KAPSULUMBET GIRLS. Rangi nyeupe ilikuwa bado inanuka, na chini yake maandishi ya zamani ya shule ya msingi yalionekana kama mtu anayechungulia nyuma ya pazia.

"Haya, shule ndiyo hii," Ondieki alisema, na Tecla alisikia kwamba hata yeye alikuwa akijiuliza.

Aliyewapokea ni karani, mtu mwembamba mwenye sweta. Alijitambulisha kwa jina la Nyaberi Mochama. Tecla alimuuliza kwa nini simu yake iko kwenye barua ya mwalimu mkuu. Nyaberi alieleza kwamba shule haijapata laini yake, kwa hiyo wazazi wote wanapiga kwake, na kwamba tangu Jumamosi simu hiyo haijampa nafasi ya kula. Akaionyesha. Ilikuwa inalia.

Bi. Chepyegon alitoka ofisini akitabasamu. Alikuwa mama wa makamo, viatu vyake vina matope. Aliwatembeza. Kulikuwa na madarasa mawili mapya yenye sakafu inayong'aa, tenki la maji, choo kizuri, na chumba cha maabara ambako hadubini nne zilikuwa bado kwenye maboksi yake. Alifungua boksi moja akamwonyesha Tecla, taratibu, kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga.

"Ni nzuri," Tecla alisema. "Sasa nionyeshe kitanda."

"Kitanda?"

"Cha mjukuu wangu. Barua inasema bweni."

"Bweni liko upande ule, mama. Lakini kwanza twende tuone jikoni."

Waliona jikoni. Tecla alisifu sufuria, akauliza tena kitanda. Mwalimu akasema vitanda viko njiani vinakuja. Tecla akauliza vinakuja kuwekwa wapi. Mwalimu akatazama saa yake.

Tecla hakungoja. Alitembea peke yake kwenda upande ule aliokuwa ameonyeshwa kwa mkono, akazunguka nyuma ya madarasa. Bweni lilikuwepo. Lilikuwa na kuta mpaka usawa wa madirisha, na mbuzi wawili wamelala ndani kujikinga na upepo. Juu kulikuwa na mawingu.

Bi. Chepyegon alimfikia. Ondieki alikuwa nyuma yake.

"Litakamilika, mama," mwalimu alisema.

"Lini? Leo ni Alhamisi. Watoto wanakuja Jumatatu."

Tabasamu la mwalimu lilikuwa limeisha, na bila hilo alionekana mtu aliyechoka sana.

"Barua niliiandika mwezi wa kumi," alisema. "Fundi aliniahidi mabati mwezi wa kumi na moja. Hakuja. Ningeandika ukweli hakuna mzazi angeleta mtoto, na bila watoto hii shule inafungwa kabla ya kufunguliwa. Nimeomba ukumbi wa kanisa pale senta. Watalala huko kwa wiki chache."

"Ulikuwa utatuambia lini?"

"Mkishafika."

Hapo ndipo Ondieki alipozungumza, na sauti yake ilikuwa ya hasira. "Mwalimu, mimi nimenunua sanduku. Msichana wangu anakuja hapa."

Tecla aligeuka. "Msichana gani?"

"Nyamusi. Wa mke wangu wa kwanza, aliyefariki. Anakaa na mama yangu huko nyumbani. Ameitwa hapa, kama wenu." Alisugua kichwa. "Nimekuwa nikiongea na shemeji yangu hapa Kedowa, awe anawaangalia hao wawili wikendi, awape hata mahali pa kulala wakikwama. Nilitaka wakuje pamoja. Mtoto asiwe peke yake mahali hajui mtu."

"Na kwa nini hukusema hivyo kwa Janeffer?"

Ondieki alipunguza sauti. "Nilifikiri mtasema natafuta mtoto wenu amlinde wangu. Nyinyi na sisi Wakisii, mama, unajua vile watu huongea mambo yakiharibika. Nikaona ni rahisi nibebe tu wenu, wakutane kwa gari."

Tecla hakuomba msamaha. Alimwambia tu, "Twende tuone huo ukumbi."

Ukumbi ulikuwa kando ya barabara kuu, wa mbao, sakafu ya simiti. Ulikuwa safi. Viti vya kwaya vilikuwa vimesukumwa ukutani. Lakini mlango ulifungwa kwa waya kutoka nje, na ndani hakukuwa na komeo wala kufuli. Dirisha la nyuma lilitazamana na baa, na ingawa ilikuwa bado saa sita mchana wanaume watatu walikuwa wameketi nje ya baa hiyo wakitazama ni nani anayeingia kanisani siku ya Alhamisi. Tecla alisimama ndani, akamwambia Ondieki atoke nje asukume mlango. Ondieki aliusukuma kwa kidole. Ukafunguka.

Njiani kurudi walizungumza zaidi. Ondieki alimweleza habari za Nyamusi, jinsi alivyokuwa msichana wa maneno machache tangu mama yake afe. Tecla alisikiliza. Bado alikuwa akimpima, lakini sasa kama mtu anayepima kamba atakayoitumia.

Jioni aliwaeleza wote, mezani, bila kuongeza wala kupunguza. Mathew alisukuma sahani.

"Haendi. Tutaomba abadilishiwe."

"Leo nimekaa kwa ile kompyuta ya sokoni saa mbili nzima nikitafuta shule nyingine, Baba Nelvine," Janeffer alisema. "Shule za karibu zimejaa. Iliyobaki haina masomo yake."

"Basi akae nyumbani mpaka ipatikane."

Nelvine alikuwa amekaa karibu na mlango. "Mimi nataka kwenda," alisema. "Kogo, umesema kuna hadubini."

"Kuna nne."

"Huku tulikuwa tukichora hadubini kwa kitabu."

Mathew alianza kusema jambo, lakini Tecla aliinua mkono. Alikunywa maji kwanza.

"Mwaka wa sabini na moja," alisema, "mjomba wangu alikuja nyumbani akamwambia mama yangu nimeitwa shule, Kericho. Mama akauza kondoo, akaninunulia blanketi na gauni. Tulitembea na mjomba siku nzima. Tukafika kwenye shamba la chai, kwa nyumba ya rafiki yake. Nikamuuliza shule iko wapi. Akasema, kesho. Kesho yake nikapewa kikapu. Majani yangu yalipimwa kwa namba ya kazi ya huyo rafiki, na mjomba alikuja mwisho wa mwezi kuchukua chake. Nilipoweza kurudi nyumbani kusema, mama alikuwa ameshakufa. Alikufa akijua niko shule."

Mathew alikuwa amezaliwa kwenye shamba hilo hilo. Maisha yake yote alidhani mama yake alikwenda huko kutafuta kazi, kama watu wengine.

"Hukuwahi kuniambia," alisema.

"Ningekuambia ufanye nini?"

Janeffer aliinuka, akammiminia mama mkwe chai ambayo hakuwa ameiomba, akaketi karibu naye.

Nelvine alizungumza polepole. "Lakini hii ni shule, kogo. Wewe umeiona."

"Nimeiona. Shule ni ya kweli. Kitanda ndicho cha uongo." Tecla alizungusha kikombe. "Nimefikiria tangu Kericho. Mlango tutautia komeo. Ubaya unaobaki ni mmoja tu, hakuna mtu mzima wa kulala na hao watoto. Wewe Mathew una lori. Janeffer ana sare. Mimi nina miti ya chai, na miti haitoroki."

"Mama, una miaka karibu sabini," Mathew alisema. "Utalala kwa simiti ya kanisa?"

"Nitabeba godoro. Barua imesema godoro."

Jumatatu pikapu ya Ondieki iliondoka Chepilat na wasichana wawili waliokaa nyuma kimya, kila mmoja juu ya sanduku lake, wakitazamana kwa pembe ya jicho. Mbele alikaa Tecla, na miguuni pake mfuko wa misumari, nyundo na makomeo mawili ya chuma. Ondieki alifunga makomeo hayo kabla ya saa nane mchana, moja juu na moja chini, kisha akapigilia mbao kwenye dirisha la nyuma. Tecla alijifungia ndani, akamwambia asukume mlango kwa bega. Akasukuma. Akasukuma tena. Haukutikisika.

Wasichana kumi na tisa walifika siku hiyo. Wazazi wengine walipouona ukumbi walitaka kugeuza, lakini walipomkuta mama mzee ameketi mlangoni na mwavuli wake, akiwauliza majina na wanakotoka kana kwamba wao ndio wenye makosa, waliacha watoto wao. Bi. Chepyegon hakufurahi mwanzoni. Wiki ya kwanza alimwita Tecla pembeni, akamuuliza kama ametumwa na mtu. Alidhani ni ofisi fulani, au watu wa magazeti.

"Nimetumwa na mjukuu wangu," Tecla alimjibu.

"Unaandika chochote?"

"Sijui kuandika, mwalimu."

Waliendelea kuviziana hivyo karibu mwezi mzima. Kila asubuhi Tecla aliwasindikiza wasichana mpaka shuleni na kila jioni aliwarudisha, na alipopita ofisini aliuliza mabati yamefika wapi. Mwalimu alianza kumkwepa, kisha akaanza kumtumia. Siku fundi alipokuja na visingizio vyake, Bi. Chepyegon alimwambia akavieleze kwa yule mama. Tecla alimwuliza fundi maswali kwa muda wa saa nzima, ameketi juu ya rundo la kokoto. Mabati yalifika wiki iliyofuata.

Nelvine na Nyamusi hawakuwa marafiki mara moja. Waligombania ndoo, wakanuniana siku nne. Mwishowe Nyamusi, ambaye hakuwa amesema maneno kumi tangu afike, alimwuliza Tecla kwa Kikisii kama kweli anaelewa lugha yao. Tecla akamjibu vibaya sana, akikosea kila neno, na msichana huyo alicheka mpaka akakaa chini. Nelvine alitaka kujua wanachekea nini. Kuanzia hapo walilala magodoro yao yakigusana.

Bweni lilimaliziwa kuta na kuezekwa wiki ya nane. Tecla aliingia wa kwanza. Alivikalia vitanda vyote, kimoja baada ya kingine, na viwili akavikataa kwa sababu chuma chake hakikuunganishwa vizuri. Vilirudishwa kwa mchomeleaji siku hiyo hiyo.

Alirudi nyumbani mwezi wa nne, shule zilipofungwa. Alikuta Mathew ameajiri mtu wa kuchuma, na uchumaji wenyewe haukumpendeza hata kidogo. Pia alikuta kwamba kwenye kituo cha kununulia majani watu walikuwa wameshajitungia maelezo ya kutoweka kwake. Hakuna aliyeamini kwamba mama mzee amekaa shule ya bweni miezi mitatu. Ilisemekana amepata mzee huko Kedowa, mwenye shamba la viazi, na kwamba Ondieki ndiye aliyekuwa mshenga. Mama mmoja alimuuliza waziwazi kama ni kweli huyo mzee ana ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa mengi.

"Anao sita," Tecla alisema, akaendelea na kazi.

Muhula wa pili hakwenda. Shule ilikuwa imeajiri mlezi wa bweni, mwanamke wa hapo Kedowa, na Bi. Chepyegon alipiga simu mwenyewe kumjulisha jina lake, umri wake na mahali alipofanya kazi kabla ya hapo, bila kuulizwa. Jumapili alasiri, zamu ya Nelvine ya kutumia simu ya Nyaberi ilipofika, Tecla aliacha alichokuwa akifanya, akaenda kusimama nje mahali ambapo mtandao unashika.

"Huyo mlezi wenu yuko namna gani?" alimuuliza.

"Ni mzuri, kogo."

"Mzuri vipi?"